Vyanzo Vyangu Vitatu

Kila Jumatatu kipindi cha tatu tulikuwa na somo la uraia, na kila Jumatatu mwalimu alitoa neno lile lile. Mwanafunzi anasimama, anaanza kusoma habari aliyoikusanya mtaani wiki nzima, na kabla hajafika nusu mwalimu anamkatiza: "Chanzo?" Ukijibu kwamba umesikia tu, unakaa. Ukijibu kwamba kila mtu anajua, unakaa upesi zaidi. Ndiyo maana darasa lote la kidato cha pili tulimwita Mwalimu Chanzo. Yeye alijua, ila alijifanya hajui.

Alikuwa ametutengenezea fomu ya habari. Juu unaandika tukio, chini yake mahali na siku, na mwishoni kuna mistari mitatu ya vyanzo. Habari isiyo na vyanzo vitatu haibandikwi kwenye gazeti letu la ukutani. Gazeti hilo lilikuwa ubao mkubwa karibu na lango la shule, na hata wapita njia walisimama kulisoma. Mwaka ule mhariri nilikuwa mimi, na sitaficha, kichwa kilinivimba.

"Wewe siku hizi hata ukisalimia ni kama unasoma taarifa ya habari," aliniambia rafiki yangu Kifutio. Jina hilo alilipata kwa sababu tangu darasa la kwanza hajawahi kuwa na kifutio chake mwenyewe. Nikamjibu kwamba ana wivu, naye akacheka, akaazima kifutio changu.

Sasa nieleze habari ya bomba. Mtaa wetu ulikuwa na tangi moja kubwa la maji, lililojengwa juu ya nguzo fupi za saruji na kuzungushiwa uzio wa mabati. Mtunzaji wake alikuwa mzee mmoja mrefu, mkimya, aliyetembea na shada la funguo kiunoni, ukamsikia kabla hujamwona. Tulimwita Mzee Funguo. Alifungua bomba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akafunga saa nne, akafungua tena jioni. Wengine alikuwa akiwanyanyulia ndoo mpaka kichwani, mimi nikiwa mmoja wao, kwa kuwa nilikuwa mfupi na ndoo ya mama haikuwa na huruma.

Jumanne moja mama aliniamsha mapema kuliko kawaida ili niwahi foleni. Nilifika bombani saa kumi na mbili kasorobo. Hakukuwa na mtu. Lango la mabati lilikuwa limefungwa kwa ndani, lakini nilisikia funguo zikilia. Nikaweka ndoo chini, nikachungulia kwenye tundu la msumari.

Mzee Funguo alikuwa amejifunga kitambaa puani, kimemfunika uso hadi chini ya macho. Mikononi alikuwa amevaa glavu. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akafungua kopo, akachota unga mweupe kwa kijiko na kuutia kwenye ndoo yenye maji. Akakoroga kwa mti, uso akiugeuza pembeni. Halafu akapanda ngazi, akafunua mfuniko wa tangi, akamimina vyote humo.

Nilirudi nyuma, mguu ukaipiga ndoo, ikalia ngwaa! Nilisikia kopo likifungwa haraka na kabati likitiwa kufuli. Lango likafunguka kidogo, akatoa kichwa. Kitambaa kilikuwa kimeshuka shingoni.

"Ala, mjukuu! Mbona mapema hivi?"

"Shikamoo, mzee. Mama amenituma."

"Marahaba. Basi subiri hapo nje, usiingie. Maji bado hayajawa tayari."

Akafunga lango. Nilibaki nimesimama, nikilirudia lile neno kichwani. Maji hayajawa tayari? Maji si chai, yanaivaje? Na kwa nini nisiingie? Kila siku naingia. Kadiri nilivyosubiri ndivyo nilivyozidi kuona mambo: jinsi alivyotazama kushoto na kulia, jinsi alivyolificha lile kopo. Nikakumbuka kwamba wiki iliyopita mama alikunja uso akasema maji yananuka kama nguo zilizotoka kwa dobi. Kumbe!

Foleni ilipojaa alifungua, akanijazia, akanitwika ndoo kama kawaida. "Haya, nenda polepole," alisema. Safari hii nilimtazama mikono. Yale maji niliyafikisha nyumbani, lakini mimi mwenyewe sikuyanywa.

Shuleni nilimvuta Kifutio nyuma ya maktaba nikamsimulia kila kitu. Macho yalimtoka. "Usimwambie mtu," nikamwambia. "Ni habari yangu, na bado sijapata vyanzo." Akala kiapo, mkono kifuani.

Kuanzia siku iliyofuata nilianza uchunguzi. Nilichukua daftari na kalamu nikaenda kwa kinyozi wa pale njia panda, maana kwa kinyozi hakuna jambo lisilofika. Sikumwambia nilichoona. Nilijifanya mjanja. "Eti, kaka, hakuna jipya kuhusu bomba letu?"

Kinyozi aliacha mkasi hewani. "Wee! Hujasikia? Mzee Funguo ameonekana akimimina kitu kwenye tangi alfajiri. Unga mweupe, kopo zima!"

Nilihisi joto la furaha. Mtu mwingine anajua! Nikaandika: *Chanzo cha kwanza, kinyozi.*

Alhamisi nikapita kwa fundi cherehani, mama mmoja mnene mwenye kicheko kirefu. Siku hiyo hakucheka. "Mwanangu, mimi watoto wangu nimewakataza yale maji. Anatia makopo matatu. Na anajifunika uso asijulikane." Nikaandika. Ijumaa fundi viatu akaniambia, huku akitema uzi aliokuwa ameuuma, kwamba ni gunia zima, na kwamba siku moja mtoto wa shule alitaka kuingia akafukuzwa kwa mti.

Niliona kwamba hesabu ya makopo haikulingana, lakini jambo hilo halikunitia shaka. Nilijiambia kila mmoja ameona siku yake. Labda kipimo kinaongezeka! Shaka zangu zote nilikuwa nimemlimbikizia mtu mmoja, hazikubaki za kumgawia mwingine yeyote.

Nyumbani, bibi yangu alikuwa amekaa barazani kama siku zote, akitia viraka mashuka. "Unaandika nini kutwa nzima, mama?" aliniuliza.

"Mambo ya shule, bibi." Nikampita.

Jumatatu Mwalimu Chanzo hakuwepo. Alikuwa ameitwa kwenye semina ya walimu ya siku nne, na alikuwa ametuachia maagizo: gazeti litoke kama kawaida, fomu zijazwe. Fomu yangu ilikuwa imejaa. Vyanzo vitatu, tena vya watu wazima, kila mmoja na kazi yake. Hata hivyo niliogopa kidogo kuandika kwamba mzee anatia sumu, kwa hiyo nikafanya ujanja mwingine. Niliandika kichwa cha habari kwa herufi nyekundu, kubwa: MZEE FUNGUO ANATIA NINI KWENYE MAJI YETU?

"Si unamshtaki mtu hapo?" Kifutio aliuliza, akinong'ona.

"Namshtaki wapi? Nimeuliza tu."

Ilipofika saa sita, pale ubaoni hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Mpaka muuza maandazi aliweka ndoo yake chini akasoma, akashika kinywa. Nilisimama pembeni mikono nyuma, nikiona fahari ambayo leo naionea haya.

Kesho yake asubuhi nilipita bombani. Mzee Funguo alikuwa amesimama kwenye lango lililo wazi, funguo mkononi. Foleni haikuwepo. Ndoo mbili tu, na wenye ndoo hizo walikuwa wageni wa mtaa. Wanawake walipita ng'ambo ya barabara na madumu yao, wakielekea bondeni kwenye kisima cha zamani, kile kilichofunikwa kwa mbao miaka mingi kwa sababu mitaro ya nyumba za juu hushukia huko. Mbao zilikuwa zimeng'olewa. Hakuna aliyemwamkia mzee. Mmoja alimkazia macho, kisha akatema mate.

"Jamani, ni dawa tu ya kusafisha maji," nilimsikia akisema. "Nendeni ofisi ya mtaa mkaulize."

"Dawa gani inatiwa kwa kujifunika uso?" alijibu mwanamume mmoja. "Na ofisini tukamuulize nani? Si hao hao wenzako?"

Watu wakaitikia, "Hapo sasa!" Nami, nisiseme uongo, niliitikia moyoni. Mtu akibanwa lazima aseme kitu, niliwaza. Nilimwona ameshika lango kama anayetafuta pa kujiegemeza, na bado nikamshuku.

Siku ya Alhamisi Kifutio hakuja shule. Mchana nilikwenda kwao nikakuta mlango umefungwa. Jirani akaniambia mdogo wake, mtoto wa miaka minne, ameharisha usiku kucha, macho yameingia ndani, wamemkimbiza zahanati. Tena si yeye peke yake. Watoto watano wa mtaa walikuwa huko huko.

"Sumu hiyo imeanza kufanya kazi," jirani alisema. "Jumamosi kuna mkutano wa mtaa. Tunamnyang'anya funguo, na kile chumba anachoishi pale bombani anahama siku hiyo hiyo. Ashukuru Mungu kama hatapigwa."

Nilirudi nyumbani polepole. Kitu kilikuwa kinanisumbua, na nilikuwa sitaki kukitazama. Mdogo wake Kifutio hakuwa akinywa maji ya bomba. Tangu Jumanne kwao walikuwa wakichota kisimani. Nilijua, kwa sababu Kifutio mwenyewe aliniambia, tena akanisifu kwamba gazeti langu limewaokoa.

Ijumaa Mwalimu Chanzo alirudi. Hakuingia darasani kwanza. Alisimama mbele ya ubao wa gazeti, akasoma mara mbili, kisha akaniita. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Chanzo?" aliuliza.

Nilimpa fomu. Aliisoma mistari yote mitatu. "Kinyozi. Fundi cherehani. Fundi viatu. Hawa waliona?"

"Walisema, mwalimu."

"Sijauliza kama walisema. Waliona?"

Akaikunja fomu, akaitia mfukoni. "Saa za masomo zikiisha tunakwenda kuwauliza. Mimi na wewe."

Tulianza kwa fundi viatu. Mwalimu alisalimia vizuri, akakaa kwenye benchi la wateja. "Bwana fundi, lile gunia la unga uliliona kwa macho yako?"

"Mimi? Aa, nitaliona wapi? Mimi nalala hadi saa moja. Niliambiwa na fundi cherehani."

Tukavuka barabara. Fundi cherehani alisimamisha mashine. "Kuona sikuona, mwalimu, niseme ukweli. Kinyozi ndiye aliyeniambia, nilipompelekea shuka lake la kunyolea. Alisema kopo moja. Matatu... hayo matatu labda niliongeza mimi, ujue tena mazungumzo."

Njiani kwenda kwa kinyozi nilihesabu upya. Vyanzo vitatu vilikuwa vimebaki kimoja. Kinyozi alituona tunaingia, akapunguza redio. "Niliambiwa na kijana mmoja mteja wangu, ananyoa hapa kila Jumanne jioni. Ana mdogo wake wa kike anasoma hapo kwenu. Yule anayeazima vifutio kila siku, watu wanasema."

Mwalimu alinigeukia. Sikuweza kuinua uso. Jumanne jioni! Mimi nilimwambia Kifutio Jumanne asubuhi.

Tulimkuta Kifutio kwenye benchi la zahanati, nywele hazijachanwa, amekumbatia viatu vidogo vya mdogo wake. Alipotuona alianza kulia kabla hatujauliza. "Nilimwambia kaka tu, mwalimu. Kaka peke yake. Nilimwambia asiseme."

"Na wewe ulisikia kwa nani?" mwalimu aliuliza kwa upole.

Kifutio alinitazama kwa mshangao. "Kwani si yeye aliyeniambia?"

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Kinyozi alikuwa mimi. Fundi cherehani alikuwa mimi. Hata lile gunia la fundi viatu, na yule mtoto aliyefukuzwa kwa mti, vilikuwa maneno yangu mwenyewe, yamezunguka mtaa mzima yakanenepa, yakarudi kwangu nisiyatambue. Niliyaandika kwenye fomu kama ushahidi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwalimu hakunikemea. Alikaa karibu na Kifutio, akatoa ile fomu mfukoni akaitazama. "Fomu hii niliitunga mimi," alisema. "Niliwafundisha kuhesabu vyanzo. Sikuwafundisha kufuata kila kimoja kimetoka wapi. Hilo ni kosa langu, na kesho nitalisema mbele za watu. La kwako nani atalisema?"

"Mimi, mwalimu," nilijibu.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa pale pale barazani. Machozi yalinitoka kabla sijavua viatu. Nilimweleza yote, unga, kijiko, kitambaa, mkutano. Bibi aliweka sindano chini.

"Ile dawa ya maji? Mbona tulitangaziwa kwenye mkutano wa mwezi uliopita. Bwana afya mwenyewe alikuja na kopo akatuonyesha. Inatiwa mapema, halafu maji yanaachwa nusu saa ndipo yanyweke. Akasema inawasha macho na pua, kwa hiyo atakayeitia ajifunike, na watoto wasisogee."

Nilibaki kinywa wazi. "Bibi! Wewe ulijua? Ulikuwa mkutanoni?"

"Mama yako alisema ana kazi, akanituma mimi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na wawili walikuja kwa sababu kulikuwa na viti."

"Sasa kwa nini hukusema wakati wote huu?"

"Ningesema kwa nani? Hapa barazani nani amekuja kunieleza kitu? Wewe mwenyewe umepita mbele yangu wiki nzima na daftari lako ukienda kumuuliza kinyozi. Nilikuuliza unaandika nini, ukaniambia mambo ya shule."

Nililiweka daftari chini, karibu na sindano yake.

Jumamosi uwanja wa ofisi ya mtaa ulifurika. Safari hii hawakuwa kumi na mmoja. Mzee Funguo alikaa peke yake kwenye benchi la mbele, shati lake jeupe limepigwa pasi, funguo zimelala mapajani. Wengine walisimama ili wasikae benchi moja naye. Mtendaji wa mtaa alijaribu kueleza habari ya dawa, wakamzomea. Bwana afya alisema wagonjwa wote sita wa zahanati walikunywa maji ya kisimani, na kwamba ameyapima na ni machafu. Mtu mmoja akapaza sauti: "Na kama kisima nacho kimetiwa?"

Hapo nikasimama. Nilisema mimi ndiye mtoto niliyechungulia, na mimi ndiye niliyeandika gazeti. Nilisema nilichoona ni kijiko, si kopo wala gunia, na kwamba sikufukuzwa kwa mti na mtu yeyote. Nilitegemea watu wanyamaze. Wapi!

"Huyu ametumwa!" alipiga kelele mwanamume aliyekuwa nyuma. "Jumatatu aliandika hivi, leo anasema vile. Amepewa nini?"

"Mtazameni macho yake," mwanamke mmoja aliongeza. "Hatulii."

Niligeuka huku na huku. Nilikuwa nasema kweli, kweli tupu, na kila nilichosema waliona ni ushahidi wa uongo. Nikitazama chini, nina hatia. Nikitazama juu, sina haya. Nikamtazama Mzee Funguo pale benchini, nikaelewa ameishi namna gani siku tano zile. Nikalia mbele za watu wote.

Mwalimu Chanzo alikuja akasimama karibu nami. Hakuhubiri. Alikiri kwamba fomu ile ya kuhesabu vyanzo bila kuvifuata ilikuwa kosa lake, kisha akasema, "Ndugu zangu, tufanye zoezi moja dogo la darasani. Aliyemwona mzee huyu kwa macho yake akitia kitu kwenye tangi, anyanyue mkono."

Mkono wangu ulikuwa peke yake.

"Haya. Aliyesikia kwa mtu, anyanyue." Ikainuka mikono isiyohesabika. "Sasa kila mmoja amtazame aliyemwambia."

Vichwa vikaanza kugeuka. Fundi viatu alimgeukia fundi cherehani, fundi cherehani akamgeukia kinyozi, kinyozi akamtafuta kaka yake Kifutio, naye akawa anatazama viatu vyake. Mtu mmoja alicheka kwa aibu. Bibi yangu hakusubiri kupewa nafasi. Alisimama na shuka lake lenye kiraka begani. "Na mimi niliona," alisema. "Niliona viti vitupu mwezi uliopita, dawa hii ilipotangazwa. Kaeni basi msikilize mlichokikosa."

Walikaa. Bwana afya alieleza upya, kopo mkononi, kijiko mkononi. Yule mwanamume wa nyuma aliuliza maswali manne, akajibiwa yote manne. Mwishowe mtendaji akauliza nani anataka funguo zichukuliwe. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mzee Funguo alisimama, akazitundika kiunoni, akapita katikati ya watu akarudi bombani. Nilisogea njiani kwake nimwombe radhi. Alinipita bila kunitazama, na nilijua nilistahili.

Jumatatu nilibandika masahihisho. Niliyaandika kwa herufi nyekundu zile zile, tena kubwa zaidi. Siku ya lile swali watu walisongamana. Siku hii walisimama wanne, na mmoja wao alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mwalimu alinikuta pale nimenyong'onyea.

"Habari mbaya uliipeleka ubaoni, ikatembea yenyewe," aliniambia. "Hii haina miguu. Itabidi uipeleke wewe."

Basi nikaipeleka. Kila jioni baada ya masomo, mimi na Kifutio tulipita nyumba kwa nyumba. Mdogo wake alikuwa amepona na kurudi kwao, mwembamba, anadai chakula kila saa. Tulieleza dawa ni nini, na mimi nilisema kila mara, "Aliyeanzisha maneno yale ni mimi." Hakuna sentensi ngumu kama hiyo. Wengine walinisamehe, wengine waliniita mchonganishi. Kisima kilifunikwa tena, na foleni ya bombani ikaanza kurefuka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja wa kona, mwenye watoto mapacha. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango nusu. "Wewe ulisema ni sumu, sasa unasema ni dawa. Nijuaje safari hii ndiyo kweli?"

Zamani ningembishia. "Usiniamini mimi, mama," nilisema. "Twende tukamuulize mwenyewe. Nitakusindikiza."

Alichukua dumu lake, akaja, hatua moja nyuma yangu. Mzee Funguo alikuwa anafagia maji yaliyomwagika. Yule mama alimuuliza bila hata salamu: unatia nini, kwa nini unajifunika, kwa nini mapema. Mzee aliegemeza ufagio. Alifungua kabati akatoa kopo, akamwonyesha maandishi, akampimia kijiko kitupu hewani, akaeleza ile nusu saa, yote kwa sauti ile ile, bila haraka. Mama aliuliza tena, naye akaeleza tena. Mwishowe mama alisogeza dumu lake chini ya koki.

Maji yalipokuwa yanajaa, mzee alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mkutano.

"Nasikia unapita nyumba kwa nyumba. Huyu ni wa ngapi?"

"Wa ishirini na tatu, mzee. Nisamehe."

Alisubiri dumu lijae, akafunga koki.

"Kunishuku hukukosea," alisema. "Mtu amejifunga uso, anamimina kitu kwenye maji ya watu. Hata mimi ningeshuku. Lakini siku ile ulikuwa nje ya lango hili, hatua tano kutoka kwangu, nikakusemesha na ukanijibu. Kisha ukaenda kuwauliza watu watatu ambao hawakuwepo. Ukimshuku mtu, mwanangu, muulize yeye kwanza. Kama ni mwovu, utayapima majibu yake. Kama si mwovu, utakuwa umemwokoa, na umejiokoa wewe. Yule mtoto wa miaka minne angekufa, mjukuu wangu, kwa swali ambalo ningelijibu kabla ndoo yako haijajaa."

Aliinama akalishika dumu la yule mama upande mmoja. Nami nikashika upande wa pili, tukamtwika.